Kofia ya ukindu

Kofia ya ukindu ni kofia ya kazi yenye ukingo mpana, inayotengenezwa kwa kushona ukili uliosukwa kwa majani makavu ya mkindu au ya miti inayokaribiana nao. Huvaliwa na watu wanaofanya kazi juani, kama wakulima, watunza bustani, wavuvi, wachuuzi na wachungaji. Nchini Tanzania huitwa pia pama. Makala hii inahusu hasa kofia ya kazi ya bustani: jinsi inavyotengenezwa na kupambwa kwa kuzingatia mazingira ya Tumbi, kata iliyopo katika Mji wa Kibaha, na ya wilaya jirani ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani.

Kofia hii isichanganywe na kofia ya kitambaa iliyodariziwa kwa mkono ambayo wanaume wa Pwani huvaa msikitini, harusini na barazani. Kofia hiyo haina ukingo. Ni vazi la heshima, wala haikukusudiwa kuzuia jua. Kwa upande wake, pama haifai kwa sala, kwa sababu ukingo wake huzuia paji la uso kugusa chini wakati wa kusujudu. Ndiyo maana mkulima Mwislamu huweza kuwa na kofia mbili, moja kichwani na nyingine mfukoni.

Majina na historia

Neno la jumla kwa kofia yenye ukingo ni chapeo, ambalo asili yake ni Kireno. Wareno walifika katika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498 na kuacha katika Kiswahili maneno kadhaa ya vitu vya kila siku, kama meza, leso na bendera. Siku hizi neno chepeo hutumika zaidi kwa kofia yenye kishungi cha mbele tu, ambayo vijana huiita kapelo.

Jina pama linakumbusha kofia mashuhuri ya Panama, ambayo kwa kweli haitoki Panama. Kofia hiyo husukwa nchini Ekuador kwa majani ya mmea uitwao toquilla. Ilipata jina la nchi nyingine kwa sababu iliuzwa kupitia Panama, na ikapata umaarufu zaidi Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alipoonekana ameivaa katika ziara yake kwenye mfereji wa Panama mwaka 1906. Mwaka 2012 UNESCO iliingiza ufundi wa kuisuka katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Barani Afrika, kofia ya majani inayojulikana kuliko zote ni mokorotlo ya Lesotho, yenye umbo la pia, ambayo imechorwa hata kwenye bendera ya nchi hiyo.

Katika Uzaramo, yaani eneo la Kisarawe, Kibaha na viunga vya Dar es Salaam, ususi wa ukindu ni kazi ya wanawake tangu zamani. Hata hivyo, kilichosukwa kwa wingi kilikuwa mikeka, misala, vikapu na makawa ya kufunikia chakula. Kofia ilikuwa kazi ya pembeni, iliyofanywa kwa mabaki ya ukili. Wakati wa ukoloni maofisa wa Kizungu walivaa helmeti ngumu za jua, na wenyeji wakaendelea na kofia za majani, au wanawake wakajifunga kanga kichwani.

Tumbi ina historia yake katika kilimo cha mafunzo. Hapo ndipo mwaka 1963 ulipoanzishwa mradi wa nchi za Nordiki na Tanganyika, uliokuwa na shule ya sekondari, kituo cha afya na kituo cha mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Baada ya Mwalimu Nyerere kutoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule kote nchini zilikuwa na mashamba na bustani, na wanafunzi walilima kwa jembe la mkono. Katika ratiba za shamba jembe na panga havikukosekana, lakini kofia ilisahauliwa kwa urahisi.

Jua la Tumbi na upana wa ukingo

Kibaha ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, masika yanapokaribia, na karibu wiki ya pili ya Oktoba, vuli inapoanza. Vipindi hivyo viwili ndivyo vya kutayarisha matuta na kupanda. Mtu huwa shambani kwa saa nyingi zaidi wakati uleule jua linapokuwa kali zaidi. Mchana usio na mawingu, kipimo cha miale ya urujuanimno hupita 11, na Shirika la Afya Duniani huhesabu kiwango hicho kuwa cha kupindukia.

Faida ya kofia hutokana na ukingo, na upana wake unaweza kukokotolewa. Jua likiwa nyuzi 45 juu ya upeo wa macho, kama ilivyo kati ya saa 3 na saa 4 asubuhi, ukingo wa sentimita 9 hutoa kivuli cha sentimita 9 kwenda chini. Kivuli hicho hufunika macho na pua, lakini hakifiki kidevuni. Jua likipanda hadi nyuzi 60, ukingo uleule hutia kivuli cha sentimita 15 hivi, na uso wote husalimika. Ukingo wa sentimita 4, kama wa kofia nyingi za mtindo zinazouzwa mitaani, hufunika paji la uso na pengine macho tu. Kwa kazi ya bustani upana unaofaa ni sentimita 8 hadi 10. Ukizidi hapo upepo huipeperusha kofia, na mvaaji huivua na kuiweka kando, jambo linaloondoa faida yote.

Mtunza bustani ana tatizo jingine ambalo mpita njia hana: huinama. Anapopalilia mchicha au kuchuma matembele, kisogo ndicho kinachoelekea juu. Kwa sababu hiyo kofia nzuri ya bustani huongezewa mzunguko mmoja au miwili ya ukili upande wa nyuma, au hushonewa kipande cha kanga kinachoning'inia hadi mabegani. Kapelo haimsaidii mtu wa namna hii, kwani masikio na shingo hubaki wazi kabisa.

Kwa watu wenye ualbino jambo hili ni la uhai. Ngozi yao ina melanini kidogo mno au haina kabisa, nayo melanini ndiyo kinga ya asili dhidi ya miale ya jua. Nchini Tanzania hukadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya watu 1,400 ana ualbino, kiwango kikubwa kuliko cha Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako hukadiriwa kuwa mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Saratani ya ngozi ni miongoni mwa sababu kuu zinazofupisha maisha yao. Huanza mara nyingi kwa vidonda visivyopona kwenye masikio, midomo, pua na shingo, yaani zile sehemu ambazo ukingo mpana ungefunika. Hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa ikitengeneza mafuta maalumu ya kujikinga na jua kwa ajili yao, lakini mafuta huisha na hugawiwa kwa vipindi, ilhali kofia hudumu misimu kadhaa. Vyote viwili vinahitajika, pamoja na mikono mirefu na kukaa kivulini kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri.

Shule zina wajibu wake hapa. Mtoto mwenye ualbino akiamriwa kuvua kofia mstarini au kwenye bustani ya shule kwa sababu si sehemu ya sare, adhabu hiyo huonekana miaka mingi baadaye. Kofia yake ihesabiwe kama miwani: kifaa cha afya, si pambo. Watu wengine nao wasijidanganye kwamba ngozi nyeusi inawatosha. Macho hayana kinga hiyo, na miale ya jua ni moja ya vyanzo vya mtoto wa jicho.

Malighafi

Mkindu (Phoenix reclinata) ni mti wa jamii ya mtende, unaoota kwa mashina mengi pamoja. Hupenda kandokando ya mito na mabonde yenye unyevu kama yale ya Mto Ruvu. Panapokosekana mkindu hutumika majani ya mkoche, ambao huitwa pia mlala au mwaa. Hayo ni mapana na magumu zaidi; yanafaa kwa vikapu na majamvi, lakini kofia yake huwa nzito na hukwaruza paji la uso.

Yanayokatwa ni majani machanga ya katikati, ambayo bado hayajafunguka. Sehemu ya chini ya kuti ina miiba mirefu inayochoma vibaya, kwa hiyo mkataji hushika juu na kukata kwa panga au kwa kisu kilichofungwa kwenye mti. Kila shina liachiwe majani machanga mengine, na kiini chenyewe kisiguswe. Shina lililokatwa kiini hufa, kwa kuwa mkindu hautoi kiini kipya. Mahali ambapo wakataji hawajali hilo, wasusi hulazimika kufuata ukindu mbali zaidi mwaka hadi mwaka.

Majani hufumuliwa na kuanikwa juani kwa siku kadhaa, yakigeuzwa na kuingizwa ndani mvua inaponyesha. Yanageuka kutoka kijani hadi rangi ya maziwa. Yakilowana kabla ya kukauka hupata madoadoa meusi ya ukungu ambayo hayaondoki tena. Hayo huwekwa kando yatiwe rangi nzito.

Kusuka ukili

Kabla ya kusukwa, majani hunyunyiziwa maji na kufungwa ndani ya kitambaa kibichi mpaka yalainike. Kisha huchanwa kwa ukucha au kwa ncha ya pini kupata chane zenye upana sawa. Kwa kofia, chane ya milimita 4 inafaa. Chane 7 za upana huo zikisukwa mshazari hutoa ukili wa sentimita 2.

Ukili wa mkeka huwa mpana zaidi, na anayeanza hushawishika kuutumia kwenye kofia ili amalize haraka. Haufai. Ukili mpana haukubali kupinda: upande wa ndani hukunjamana na upande wa nje hukaza, na utosi wa kofia hutoka na uvimbe katikati.

Jani moja halifiki hata nusu mita, kwa hiyo msusi huunga chane mpya kila mara. Chane mpya hulazwa juu ya ile inayokwisha na kusukwa pamoja nayo kwa hatua chache, na ncha zote huelekezwa upande mmoja, ule utakaokuwa ndani. Baadaye hukatwa kwa mkasi. Kaza sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho, kwani ukili uliolegea huacha matundu, na kofia yenye matundu hutia uso madoa ya mwanga. Njia rahisi ya kuipima ni kuinua kofia kuelekea juani: nukta nyingi za mwanga zikionekana, kofia hiyo ni ya picha tu.

Kushona kofia

Kofia ina sehemu tatu: utosi, ukuta na ukingo. Kwa kichwa cha mtu mzima chenye mzingo wa sentimita 57, kipenyo cha utosi ni sentimita 18 hivi. Ukuta ukiwa na kimo cha sentimita 10 na ukingo upana wa sentimita 9, eneo lote ni karibu sentimita za mraba 1,590. Ukili wa sentimita 2 ukishonwa kwa kupandishana nusu sentimita, unaobaki kufanya kazi ni sentimita 1.5. Ukigawanya, utapata kwamba unahitajika ukili wa mita 10 na nusu. Afadhali zisukwe mita 11. Hizo ni zaidi ya mita 100 za chane, bila kuhesabu zinazokatika. Anayeshangaa bei ya pama sokoni na akumbuke hesabu hiyo.

Kushona huanzia katikati ya utosi. Ncha ya ukili hulowekwa, hukunjwa kama konokono na kukazwa kwa sindano nene, au shazia ndogo, yenye uzi wa katani au nailoni. (Katani si mmea wa asili wa Tanzania, uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf.) Mzunguko unaofuata huwekwa chini ya ukingo wa ule uliotangulia, ili maji ya mvua yateremke kama kwenye paa la makuti.

Ufundi wote upo katika kujua lini ulegeze na lini ukaze. Duara linapokua kwa sentimita 1.5 kila upande, kila mzunguko lazima uwe mrefu kuliko uliotangulia kwa sentimita 9 na nusu hivi, hata duara liwe dogo au kubwa kiasi gani. Ukilisha ukili kwa kadiri hiyo, utosi hulala bapa. Baada ya mizunguko 6 utosi hutimia, na hapo mshonaji huacha kuongeza: kila mzunguko huwa sawa na wa kabla yake, na kazi huanza kuteremka yenyewe na kuwa ukuta. Wengi huvika kazi juu ya chungu au sufuria iliyogeuzwa, yenye ukubwa wa kichwa cha mvaaji.

Baada ya mizunguko 6 au 7 ya ukuta, urefu huanza kuongezwa tena ili ukingo utokeze. Hapa ndipo kofia nyingi huharibika. Mwenye mkono mgumu hukaza mno na ukingo huinama kama kengele, ukamziba mvaaji macho. Mwenye mkono mlegevu hupata ukingo wa mawimbi. Dawa ni kuilaza kazi mezani kila baada ya mzunguko, na kufumua mara moja pasipolala vizuri. Kasoro ya mzunguko wa pili haiwezi kufichwa na mzunguko wa sita. Ukingo humalizwa kwa kukunja ncha ya ukili ndani na kuzungushia utepe wa kitambaa.

Ndani, mahali utosi wa kichwa unapoanzia, hushonwa ukanda wa pamba wa kunyonya jasho. Ukanda huo uwe wa kufumuka kwa urahisi ili ufuliwe. Kamba ya kidevuni haikwepeki Tumbi, ambako upepo wa alasiri hutoka baharini.

Rangi na mapambo

Pambo la asili la kofia hii limo ndani ya ukili wenyewe. Chane moja au mbili kati ya saba zikitiwa rangi kabla ya kusukwa, hutokea mistari ya zigizaga inayozunguka kofia kuanzia utosini hadi ukingoni. Chane 3 za rangi hutoa vipande kama vya ubao wa drafti.

Rangi zinazotumika sana ni zile za unga, zinazouzwa sokoni kwa ajili ya mikeka: nyekundu, zambarau, kijani na njano. Ukindu hutokoswa katika maji ya rangi, husuuzwa mpaka maji yatoke safi, na huanikwa kivulini. Kusuuza kusipuuzwe, maana jasho huyeyusha rangi iliyobaki na kumpaka mvaaji usoni. Rangi za mimea bado zinafahamika pia. Manjano hutoa rangi ya njano inayopauka mapema, na gome la mkoko hutoa hudhurungi nyekundu inayodumu.

Mahali pa kuweka rangi pana maana kuliko watu wanavyodhani. Upande wa juu ubaki mweupe au wa rangi hafifu, kwa sababu rangi nzito hunyonya joto. Upande wa chini wa ukingo, kinyume chake, ni bora uwe na rangi nzito kama zambarau au hudhurungi. Udongo wa Kibaha ni wa kichanga, na mchanga mkavu hurudisha juu sehemu ya mwanga wa jua. Ukingo mweupe kwa chini huurudisha mwanga huo tena machoni, na ukingo wa rangi nzito huumeza. Wenye ualbino, ambao macho yao huumizwa na mwanga mkali, hunufaika zaidi na jambo hili dogo. Njia rahisi ya kulifanya ni kushonea kipande cha kanga kuukuu chini ya ukingo.

Utepe wa kanga au kitenge kuzunguka ukuta ndilo pambo linalopendwa zaidi, nao huficha mshono wa ukuta na ukingo. Wengine huchomeka manyoya ya kuku au ua la siku hiyo. Shanga na makombe hupendeza, lakini huongeza uzito na hunasa kwenye matawi ya mpera na mwembe. Kupaka rangi ya mafuta juu ya kofia iliyokwisha kushonwa ni kosa: rangi huziba pumzi ya ukili, kichwa hupata joto, na baada ya wiki chache hupasuka palepale kofia inapokunjwa.

Utunzaji

Kofia itundikwe kwenye msumari kwa sehemu ya utosi, au ilazwe kifudifudi, isikalie ukingo wake. Ikilowa, ikaushwe kivulini juu ya chungu ili irudie umbo. Ikikauka kupita kiasi wakati wa kiangazi huanza kukatika chane, na hapo hunyunyiziwa maji kidogo jioni. Jasho hufutwa kwa kitambaa chenye maji baridi bila sabuni ya unga.

Mzunguko wa nje wa ukingo ndio huchakaa kwanza, kwa kuwa ndio unaoshikwa kila siku. Hufumuliwa peke yake na kushonwa ukili mpya wa mita moja na robo hivi, na kofia huendelea kutumika. Pama za plastiki na za mitumba, ambazo zimejaa masokoni, hazirekebishiki namna hiyo.